Mbegu za mti gani? Jibu kuhusu alama za kijenetiki na mti wa yavuyavu wa Mahé

Msomaji mmoja anayetunza kitalu cha miche ameniandikia hivi: "Ndugu mtaalamu, nimesoma kwamba katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli, kuna mti usiopatikana popote pengine duniani, na iliyobaki haifiki mia. Watafiti hawakuanza kwa kukusanya mbegu na kupanda, bali walitengeneza kwanza alama za kijenetiki za mti huo. Kwa ninavyojua mimi, mti unaokwisha huokolewa kwa kupandwa. Hizo alama ni kitu gani, hutengenezwaje, na je, kazi yote hiyo haicheleweshi jambo lililo wazi?"

Ndugu yangu, katika jambo moja kubwa uko sahihi kabisa: hakuna mti uliowahi kuokolewa na maabara peke yake. Mti huokolewa na mbegu iliyoota, mche uliotunzwa na ardhi iliyolindwa, na watu wa kazi yako ndio wanaobeba sehemu nzito ya mzigo huo. Lakini ndani ya neno "kupanda" limejificha swali ambalo mtunza kitalu hulijua kuliko mtu mwingine: mbegu za mti gani? Ukiwapo mti mmoja uliosimama karibu na njia, unaozaa vizuri kila msimu, mbegu zake ndizo zitakazojaza vitalu, kwa sababu ndizo zinazofikika. Baada ya miaka michache utakuwa na miche mia tano iliyonawiri, isiyo na kasoro machoni, na yote ni ya mama mmoja. Idadi ya miti itakuwa imeongezeka, huku urithi wa spishi nzima ukiwa umepitishwa kwenye tundu la sindano.

Jambo hili limekwisha kutokea. Kwenye miteremko ya mlima Mauna Kea, Hawaii, kuna mmea wenye majani ya rangi ya fedha, Argyroxiphium sandwicense, ambao mifugo iliyoletwa kisiwani iliula mpaka ikabaki michache mno. Kuanzia miaka ya 1970 watu wenye nia njema kabisa walirudisha mlimani mamia ya miche. Miaka ya 1990, kumbukumbu za kitalu zilipofuatiliwa na vinasaba vya mimea hiyo vikapimwa, ilidhihirika kwamba miche yote ilikuwa uzao wa mama wawili tu, na kwamba sehemu ya utofauti uliokuwamo katika mabaki ya mimea ya asili haikuwamo ndani yake. Hasara hiyo ilikuwa nzito zaidi kwa sababu mmea huo kwa kawaida huikataa chavua yake wenyewe, na huikataa pia chavua ya jamaa anayefanana nao katika vinasaba vinavyoamua chavua ipi ikubaliwe. Mlima unaweza kujaa mimea ya ukoo mmoja, ikachanua yote, na mbegu zenye uhai zikawa haba.

Sasa tuje kwenye mti uliousoma, ambao bila shaka ni Medusagyne oppositifolia. John Gilbert Baker aliueleza kisayansi mwaka 1877, kisha ukapita muda mrefu bila kuonekana hata ukadhaniwa umetoweka, mpaka ulipopatikana upya mwaka 1970. Huota juu ya miamba mikubwa ya itale, penye udongo kiduchu na jua kali. Tunda lake likikauka, vipande vyake huachana kuanzia chini na kunyanyuka pande zote, vikiwa bado vimeshikana kwenye ncha ya juu, kama mbavu za mwavuli. Mbegu ndogo zenye mabawa huning'inia chini ya mbavu hizo zikingoja upepo. Aliyewahi kumwona yavuyavu akielea baharini ataelewa mara moja kwa nini mti huu ukapewa jina lake. Hauna ndugu wa karibu: ni spishi pekee katika jenasi yake, na kwa muda mrefu wataalamu waliuwekea hata familia ya peke yake kabla ya kuuingiza katika familia ya Ochnaceae. Upweke huo, kama nitakavyoeleza, ndio uliofanya utengenezaji wa alama zake uanzie mwanzo kabisa.

Alama ya kijenetiki ni mahali katika DNA ambapo mti mmoja hutofautiana na mwingine, na ambapo tofauti hiyo inaweza kusomwa kwa uhakika tena na tena. Zilizotumika kwa mti huu zinaitwa mikrosatelaiti. Fikiria DNA kama maandishi marefu ya herufi nne tu, A, T, G na C. Mara kwa mara ndani ya maandishi hayo kuna mahali ambapo herufi mbili au tatu zinarudiwarudiwa kama mtu mwenye kigugumizi: CACACACACA. Kimeng'enya kinachonakili DNA kikifika hapo huteleza kwa urahisi, kikaongeza rudio moja au kuliruka jingine, na kwa hiyo idadi ya marudio hubadilika kwa kasi kubwa kuliko maandishi ya kawaida. Mti mmoja una CA mara 12, wa pili mara 15, wa tatu mara 19. Kila umbo la namna hiyo huitwa aleli. Na kwa kuwa mti huwa na nakala mbili za kila sehemu ya DNA yake, moja ya mama na nyingine ya baba, tunasoma namba mbili kwa kila alama.

Uzuri wa jambo hili utauona kitaluni. Tuseme mama ana aleli 12 na 15, na mche uliotokana na mbegu yake una 12 na 19. Hiyo 12 imetoka kwa mama, kwa hiyo 19 imetoka kwa baba, na sasa unaweza kupita kwenye orodha ya miti yote ukiuliza ni ipi yenye 19. Alama moja haitoshi kumtaja baba, kwa maana miti kadhaa inaweza kuwa na 19. Lakini ukiwa na alama kumi, kila moja ikiondoa baadhi ya wanaodhaniwa, mara nyingi hubaki mti mmoja tu. Hivyo unajua chavua ilisafiri kutoka wapi, umbali gani, na kama mti ulijichavusha wenyewe. Mambo ambayo hakuna mtu angeyajua hata kama angekaa chini ya mti msimu mzima akihesabu wadudu.

Kuhusu namna zinavyotengenezwa, kazi huanza na jani, na kazi nyingi huharibikia hapo kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Huchukuliwa kipande cha jani changa, si kikubwa kuliko vidole viwili, kikawekwa kwenye bahasha yenye chembe za silika zinazofyonza maji. Jani linapaswa kukauka ndani ya siku moja hivi, kwa sababu likichelewa, vimeng'enya vyake huanza kuikatakata DNA. Nilipoanza kazi hii nilirudi kutoka msituni na bahasha nyingi, nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu, nikazifungua na kukuta katika baadhi yake chembe za silika zimegeuka kutoka buluu hadi waridi huku jani likiwa bado laini na limekuwa jeusi. Silika ilishiba maji kabla jani halijakauka. DNA ya bahasha zile ilitoka vipandevipande, na mti mmoja kati ya ile ulikuwa umeanguka tulipourudia. Tangu siku hiyo naikagua silika kila jioni na kuibadilisha bila kungoja. Palipo na miti tisini tu, kila bahasha ina uzito wake.

Maabarani jani husagwa na kupashwa moto katika mchanganyiko wenye kemikali ya aina ya sabuni iitwayo CTAB, ambayo hupasua utando wa seli na kusaidia kuondoa utelezi na tanini ambazo majani ya miti mingi yamejaa. Baada ya kusafishwa kwa klorofomu, huongezwa alkoholi baridi, na hapo DNA hujitokeza ndani ya kichupa kama nyuzi nyeupe laini za pamba iliyolowa. Zamani, kupata mikrosatelaiti kutoka kwenye nyuzi hizo kulichukua miezi mingi: DNA ilikatwa, vipande vyenye marudio vikanaswa kwa vinasio vilivyofungwa kwenye shanga za sumaku, vikaingizwa ndani ya bakteria ili vizalishwe, kisha vikasomwa kimoja kimoja. Siku hizi mashine za kusoma DNA husoma mamilioni ya vipande kwa mara moja, na programu ya kompyuta huvichambua ikitafuta vigugumizi vile. Kazi ya miezi imekuwa ya wiki kadhaa.

Kupata marudio, hata hivyo, ni nusu ya safari tu. Kila upande wa marudio hutafutwa maandishi yasiyobadilika, na kwa kuyafuata hutengenezwa jozi ya vipande vifupi vya DNA, vya herufi 20 hivi kila kimoja, viitwavyo praima. Praima hizo hushika pande mbili za mahali tunapopataka, na kipimo cha PCR, kilichobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, hunakili sehemu iliyo kati yake mpaka ziwe nakala za kutosha kupimwa. Kisha hufuata mchujo usio na huruma. Jozi nyingine hazinakili chochote. Nyingine hunakili sehemu tatu au nne kwa pamoja. Nyingine hufanya kazi vizuri sana lakini miti yote ina urefu uleule, na alama isiyotofautisha mti na mti haina faida kwetu. Si ajabu kuanza na jozi hamsini na kumaliza na kumi na mbili. Na mchujo huo ufanywe kwa majani ya miti kutoka kila kundi la spishi hiyo, kwa sababu alama zikichaguliwa kwa kuangalia kilima kimoja, kilima hicho kitaonekana kuwa na utofauti mwingi kuliko vingine hata kama si kweli.

Spishi yenye ndugu wengi huweza kuazima. Praima zilizotengenezwa kwa mti mmoja mara nyingi hufanya kazi kwa mti mwingine wa jenasi hiyohiyo, na mtafiti akaokoa fedha na muda. Mti wa yavuyavu hauna wa kumwazima, na ndiyo sababu ulitengenezewa alama zake wenyewe.

Niruhusu nikae kidogo kwenye kosa moja, kwa kuwa limewahi kupotosha maamuzi ya uhifadhi na halizungumzwi vya kutosha nje ya maabara. Tuseme kwa bahati mbaya herufi moja imebadilika katika mti fulani, pale hasa ambapo praima inapaswa kushika. Praima haitashika, na aleli hiyo haitaonekana kabisa kwenye kipimo. Mti una aleli mbili tofauti, lakini wewe unaona moja, na unaandika kwamba nakala zake mbili zinafanana. Likijirudia kwa miti kadhaa, takwimu zitakuambia kwamba kundi hilo linazaliana ndugu kwa ndugu, na pengine mtu atakata shauri la kuingiza miti ya mbali kwa sababu ya tatizo ambalo halipo. Njia bora ninayoijua ya kulinasa kosa hili ni kupima mama pamoja na miche yake. Ukisoma mama 150 na 150 (hapa namba ni urefu wa kipande kizima kwa herufi, si idadi ya marudio), halafu mche wake 160 na 160, jambo hilo haliwezekani kimaumbile, kwa kuwa kila mche lazima uwe na aleli moja ya mama yake. Ama mche umewekewa lebo ya mama mwingine, ama kuna aleli iliyojificha. Kwa hiyo, ndugu yangu, lebo unayoiandika wewe kitaluni ndiyo inayoisaidia maabara kugundua makosa yake, na hapo hapo maabara huweza kugundua makosa ya lebo.

Usomaji nao unataka jicho lililozoea. Mashine huchora vilele kwenye kompyuta. Mti wenye aleli za urefu wa 184 na 190 huonyesha vilele viwili virefu, lakini kwa kuwa kimeng'enya huteleza hata ndani ya kichupa, mbele ya kila kilele hujitokeza vilele vidogo vidogo vya 182 na 188. Asiyezoea huweza kuhesabu kivuli kuwa aleli. Maabara makini hurudia kupima sehemu ya sampuli bila msomaji kujua ni zipi, kisha huandika kiwango cha makosa waziwazi.

Baada ya hayo yote, alama ziliwaambia nini watafiti wa Mahé? Aline Finger na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, walihesabu miti 90 hai katika makundi manne. Kundi moja lilikuwa na miti 78, na miti 12 iliyobaki iligawanyika katika makundi matatu. Kundi lile kubwa peke yake ndilo lililokuwa na miche michanga inayoota na kuendelea. Kwenye makundi matatu madogo miti mizima ilisimama bila warithi. Swali lao lilikuwa hili: je, kukosekana kwa miche kunatokana na mazingira peke yake, au makundi haya madogo yamefika mahali ambapo kila anayekutana na mwenzake ni jamaa yake?

Walitumia mikrosatelaiti kumi. Kipimo kimoja cha utofauti huuliza hivi: ukiokota aleli mbili kutoka kwenye kundi bila kuchagua, kuna uwezekano gani kuwa zinatofautiana? Katika makundi matatu jibu lilikuwa kati ya 0.48 na 0.63, kiwango kizuri kwa mti adimu kiasi hiki. Katika kundi dogo kuliko yote lilikuwa 0.26. Mtu angeweza kuishia hapo akasema hali si mbaya. Lakini alama zilisema mambo mengine matatu, na ukiyaunganisha picha hubadilika. Kila kundi lilikuwa na aleli zake lenyewe zisizopatikana kwingine. Chavua na mbegu, kwa sehemu kubwa, hazikusafiri hata mita 100. Na miti ya makundi madogo ilikuwa na undugu wa karibu zaidi kuliko miti ya kundi kubwa.

Mti unaoishi muda mrefu huweka akiba ya zamani. Miti mizima inayopimwa leo ilizaliwa na wazazi wa wakati mwingine, pengine walipokuwa wengi na karibu zaidi, na ndiyo sababu kila mmoja unaweza kuwa na utofauti mwingi ndani yake ingawa jirani zake wote ni jamaa. Hasara haijaandikwa kwenye miti hiyo. Itaandikwa kwenye watoto wao, ikiwa watapata watoto. Mche wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambao wenyewe hawakutokana na jamaa huwa na uwezekano wa asilimia 25 kwamba nakala zake mbili za kinasaba chochote ni nakala za kitu kilekile kimoja. Kinasaba chenye kasoro kilichokuwa kimefichwa na mwenziwe mzima ndipo hapo hujitokeza, na mara nyingi hujitokeza mapema: tunda lisilokomaa, mbegu isiyoota, mche unaokufa ukiwa na majani mawili.

Watafiti hawakuridhika na dhana hiyo. Walichukua chavua kutoka kundi kubwa wakachavusha kwa mkono maua ya kundi dogo, na kwa kulinganisha wakachavusha mengine kwa chavua ya humohumo. Maua yaliyopata chavua ya mbali yalifanikiwa zaidi katika uzazi. Nadhani hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Mtu angekusanya mbegu za makundi madogo bila kupima, nyingi zingemvunja moyo, na huenda angelaumu udongo wa kitalu chake. Angekusanya za kundi kubwa peke yake, angepata miche mingi, akaipanda vilima vyote, na zile aleli za pekee za miti 12 zingekwisha pamoja na miti yenyewe. Alama zilionyesha njia ya tatu isiyoonekana kwa macho: peleka chavua ya kundi kubwa kwa mama walio katika makundi madogo. Mche unaotoka hapo hubeba nusu ya urithi wa kilima chake na nusu nyingine inayoukinga na madhara ya undugu.

Najua utauliza kama kuchanganya makundi yaliyotofautiana hakuna hatari. Ipo, na haipaswi kupuuzwa; makundi yaliyozoea mazingira tofauti sana, au yenye tofauti za kromosomu, yanaweza kuzaa uzao dhaifu. Richard Frankham na wenzake walipendekeza mwaka 2011 vigezo vya kupima hatari hiyo: kama makundi ni ya spishi moja, hayana tofauti za kudumu za kromosomu, yalikuwa yakibadilishana vinasaba katika miaka 500 iliyopita, na yanaishi katika mazingira yanayofanana, basi hatari ni ndogo. Makundi ya kisiwa kimoja, juu ya mwamba wa aina moja, yako karibu na hali hiyo. Kwa maoni yangu, kundi la miti mitatu au minne isiyo na mche hata mmoja liko kwenye hatari kubwa zaidi kwa kuachwa kama lilivyo.

Hesabu mbili zitakufaa kitaluni. Ya kwanza ni hii: kundi linalozaliana kama lenye wazazi 10 tu hupoteza kwa wastani asilimia 5 ya utofauti wake kila kizazi, kwa hiyo baada ya vizazi kumi hubaki na asilimia 60 hivi. Ya pili ni ya kutia moyo: ukichukua mbegu kutoka miti 30 isiyo na undugu, una uwezekano wa takriban asilimia 95 wa kuipata aleli ambayo hutokea mara 5 tu katika kila nakala 100. Kwa hiyo mbegu chache kutoka kwa mama wengi zina thamani kubwa kuliko gunia la mama mmoja. Wenye miti 12 hawana anasa ya kuchagua 30, na ndiyo maana kila mmoja wao lazima awakilishwe.

Yapo ambayo alama hizi haziwezi kukuambia. Mikrosatelaiti nyingi zimekaa kwenye sehemu za DNA zisizofanya kazi inayojulikana. Hazitakuambia ni mche upi utavumilia ukame wala ugonjwa. Haziwezi pia kuondoa mdalasini, ambao uliletwa Shelisheli na kuenea mpaka ukatawala misitu mingi ya Mahé. Na iko hali ambayo hazina msaada hata kidogo. Katika kisiwa cha Rodrigues, Morisi, mmea uitwao Ramosmania rodriguesi, uliodhaniwa umekwisha, ulipatikana upya karibu na mwaka 1980 ukiwa mmoja tu. Vipandikizi vilipelekwa katika bustani ya Kew, Uingereza, vikachanua miaka mingi bila kuzaa mbegu, mpaka mtunza bustani Carlos Magdalena alipofanikiwa, kwa majaribio mengi ya mkono, kuufanya uzae tunda. Pale hapakuwa na cha kupima. Mzazi alikuwa mmoja. Alama zina maana pale ambapo bado kuna cha kuchagua, na ndiyo sababu inafaa zitengenezwe miti ikiwa tisini, isingojewe ifike tisa.

Baadhi ya wenzangu watakuambia mikrosatelaiti zimepitwa na wakati, kwa kuwa sasa tunaweza kusoma maelfu ya tofauti za herufi mojamoja katika jenomu nzima, yaani DNA yote ya mti. Kwa kukadiria kiwango cha undugu ndani ya kila mti, njia hiyo mpya ni bora, na matokeo yake hulinganishwa kwa urahisi kati ya maabara na maabara, ilhali urefu wa mikrosatelaiti unaosomwa hapa kuwa 184 huweza kusomwa 185 kwenye mashine nyingine. Ningeanza mradi mpya leo, ningefikiria njia hiyo kwanza. Lakini kwa kumjua baba wa mche katika spishi ya miti isiyofika mia, alama kumi nzuri zilizokwisha kuhakikiwa bado zinatosha, na maabara ndogo huzimudu. Ninachokisisitiza ni kwamba swali litangulie. Tunataka kujua mbegu zitoke wapi, au chavua ipelekwe wapi, au miche iliyopo kitaluni ni ya nani? Nimeona alama nzuri zikitengenezwa, makala ikaandikwa, na hakuna aliyempa mtunza kitalu orodha ya mama wa kuanza nao. Kazi ya namna hiyo naihesabu kuwa haijamalizika.

Vibali navyo viombwe mapema, hata kwa jani moja. Itifaki ya Nagoya, inayotumika tangu mwaka 2014, huzitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba mwenye kuchukua rasilimali ya kijenetiki amekubaliana na nchi inakotoka na kugawana nayo faida.

Kuhusu kuchelewa, huhitaji kungoja. Mbegu zikipatikana msimu huu zioteshwe msimu huu, wakati maabara inaendelea na kazi yake. Kinachotakiwa ni kwamba kila mama awe na trei yake, mbegu zisichanganywe hata kwa siku moja, na namba iliyo kwenye kibati cha mti ndiyo hiyohiyo iandikwe kwenye trei, kwenye daftari na baadaye kwenye mche. Mche ukifikisha majani sita hivi, kata kipande cha jani moja, kiweke kwenye bahasha yenye silika kavu, andika namba ya mama na tarehe kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi hufutika ukiguswa na alkoholi. Bahasha hiyo ikihifadhiwa mahali pakavu na penye giza, DNA yake inaweza kusomwa hata baada ya miaka kadhaa. Alama zikiwa tayari, utaambiwa baba wa kila mche kabla hujaupeleka mlimani, na utajua ni ipi ya kupandwa karibu karibu na ipi ya kutenganishwa.